Motokari Iliyotiwa Arobaini

Baba yangu alikuwa na motokari moja na kaka mmoja, na mpaka leo sijui ni kipi kati ya hivyo viwili kilimtesa zaidi.

Motokari aliachiwa na Mgiriki. Baba alikuwa kapita, msimamizi wa duka lake, miaka mingi, akipima chumvi na kukata vitambaa, na siku Mgiriki alipoondoka Kindu kwa haraka, bila kuaga mtu wala kufunga dirisha, alimtupia Baba funguo kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Baba alizidaka. Tangu siku hiyo motokari ilisimama nyuma ya jiko letu, chini ya bati nne, juu ya matofali, na rangi yake ile ya chai iliyozidiwa na maziwa. Miaka kumi na miwili kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma, na Mama alisema hiyo ndiyo kazi pekee ya maana iliyowahi kufanyika mle ndani. Kila Ijumaa akitoka msikitini, Baba alivua kanzu, akachukua kitambaa, akaifuta vumbi taratibu, taa moja baada ya nyingine, na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha.

Kaka yake ndiye baba yangu mkubwa, wa Lubutu. Baba mmoja, mama mbalimbali. Babu alimpeleka mtoto mmoja kwa mwalimu wa Kurani hapa Kindu. Mwingine aliombwa na mapadri, akawapa. Kwa hiyo kila mmoja alikua akiamini kwamba mwenzake ndiye aliyetupwa.

Kwenye msiba wa babu, mbele ya watu wote waliokaa mikekani, Baba alifanya kosa la kutaja motokari. Alisema siku moja atakuja nayo Lubutu. Baba mkubwa alimaliza kwanza kunawa mikono.

“Ile motokari yako itafika kwangu, ndiyo,” alisema. “Itafika siku munanizika. Tena bantu wataisukuma.”

Watu walicheka, msibani hapo hapo, na wengine walikuwa bado wana machozi. Baba aliapa kwamba ataisimamisha mlangoni pa kaka yake, kaka mwenyewe akiwa hai, akiitazama kwa macho yake mawili. Kisha akarudi Kindu, na motokari ikaendelea kulea vifaranga.

Ndipo mwanzoni mwa kiangazi kimoja, mimi nikiwa na miaka ishirini na saba, shofere wa kamio, lori la mfanyabiashara mmoja wa Kivu, akatuletea habari: baba mkubwa amevimba miguu na tumbo, daktari amemtazama akatikisa kichwa. Mtu mwingine angetafuta sukari na shuka jipya, akapanda kamio hilo hilo, akaenda kuagana na ndugu yake. Baba alikwenda nyuma ya jiko.

“Unakwenda kuona mugonjwa ao unakwenda kumuonyesha motokari?” Mama alimuuliza.

“Vyote.”

“Basi panda kamio. Mugonjwa hangojake.”

“Nikifika na kamio atakufa akicheka. Sitaki afe akicheka.”

Ikakatwa shauri kwamba mimi nitakwenda naye, kwa kuwa nimesoma na nitajua kusema na askari wa vizuizi. Mimi! Nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, hatua mia mbili na kumi kutoka kitandani mwangu, nilizihesabu. Nilikuwa na diploma yangu ya sekondari, na safari ndefu kuliko zote maishani mwangu ilikuwa kuvuka mto kwa kivuko kwenda harusini ng'ambo, ambako nilitapika. Nilipenda mto ukae upande wake na mimi nikae upande wangu. Wenzangu waliota Kinshasa na Ulaya. Mimi niliota kiti chenye mgongo mzuri. Baba aliniita Mwali, kisha akaacha kwa muda, akisema anawaonea wasichana, maana wao wakifungiwa ndani mwishowe hutoka.

Fundi aliyeletwa alikuwa mzee aliyepungukiwa vidole viwili, vilivyoliwa na feni ya injini.

“Ukipoteza na kingine,” Baba alimkaribisha hivyo, “usije ukakitafuta ndani ya motokari yangu.”

“Mzee,” fundi akajibu, “motokari yako njo ilikufa zamani. Mie naoshaka maiti tu.”

Wakaelewana. Fundi alipata pine mbili za magurudumu zilizofaa. Mbili nyingine alizishindilia majani makavu mpaka zikakaza. Freni za kuisimamisha zilihitaji mafuta yake maalumu, ambayo Kindu hayakuwepo, akatia maji ya sabuni. Mahali injini ilipovuja alikata kipande cha ngozi akaziba, na ngozi yenyewe niliitambua jioni: ilitoka kwenye kiatu changu cha ofisini. Esansi, petroli yenyewe, ilikuja katika chupa za bia, kila chupa na uchafu wake, na Mama aliichuja kwa kitambaa chake cha kichwa huku akimtaja Mgiriki kwa maneno ambayo siyaandiki.

Baada ya mwezi iliwaka. Kuku walitawanyika, moshi ukajaa jikoni, na Baba akalia. Alilia kweli, mabega yakitikisika, kisha akamgeukia fundi akamwambia aache kumtazama kama mjane.

“Kesho kutwa munaweza kwenda,” fundi alisema.

Kesho kutwa. Kivuko, halafu Kalima, halafu Punia, halafu msitu na madaraja ya magogo mpaka Lubutu, na kinachotuzuia tusianguke ni sabuni ya kufulia. Sikulala mchana ule, mimi ambaye usingizi wa mchana sikuwahi kuukosa hata siku za mitihani. Jioni nikachukua kitabu.

Maana kulikuwa na kitabu. Mgiriki alikiacha katika kisanduku cha mbele, cha Kifaransa, panya wamekula pembe zake. Baba alisoma vizuri herufi za Kiarabu, na barua zake za Kiswahili aliziandika kwa herufi hizo hizo. Kifaransa chake kilikuwa kile alichotukaniwa dukani. Fundi alisoma kwa mikono. Msomaji wa nyumba nilikuwa mimi, na nyumba nzima iliamini kwamba kilichoandikwa hakisemi uongo.

“Baba,” nikasema, “kitabu kinasema bado.”

“Bado nini?”

“Kinasema injini iliyolala zaidi ya miaka kumi isitolewe barabarani upesi. Iwashwe palepale iliposimama, muda wa saa moja kila asubuhi, siku arobaini.”

Nilikuwa nimekusudia kusema kumi. Arobaini ilitoka yenyewe. Kwetu mtu akitafuta idadi ya siku, hiyo ndiyo inayomjia: mzazi hukaa ndani arobaini, marehemu husomewa arobaini. Niliogopa Baba atacheka. Badala yake uso wake ulitulia, akatikisa kichwa kwa heshima.

“Ona,” alimwambia Mama. “Kumbe hata Wazungu wanajua arobaini.”

Fundi alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Lakini arobaini maana yake ni kula kwetu siku arobaini, na wali wa Mama ulikuwa unajulikana mtaa mzima. Akauliza kama wali umeiva.

Basi motokari ikatiwa arobaini kama mzazi. Kila asubuhi Baba aliiwasha, akakaa nje kwenye kigoda akiisikiliza, saa nzima. Majirani walipita kuijulia hali. Wanawake walimuuliza Mama kama imepata mtoto wa kiume au wa kike, na kama ananyonya. Halafu wakaanza kuleta mizigo, maana mtu akijulikana anasafiri, kila mwenye ndugu njiani ana kitu cha kupeleka: barua za Punia, samaki wa moshi, godoro lililokunjwa, cherehani isiyo na meza yake. Vyote vilipangwa barazani kwetu, na samaki walinuka kwa niaba ya wenzao wote. Karatasi ya ruhusa ya safari niliiandika mwenyewe ofisini. Ikaisha muda, nikaiandika nyingine. Mkubwa wangu alisema hajapata kumwona raia, sitwayeni, anayependa kusafiri namna hii bila kuondoka.

Kamio zilizotoka Lubutu zilileta habari kila wiki. Uvimbe umefika magotini. Uvimbe umepita magoti. Mgonjwa anasalimia sana, anauliza kama motokari imekwisha kuzaa.

“Mwambie,” Baba alimjibu shofere, “mwambie asithubutu kufa. Bado siku ishirini.”

Ningeweza kusema. Ningeinuka asubuhi yoyote, nikasema, Baba, nilidanganya, twende. Nilifikiria jambo hilo kila siku, kwa makini, nikinywa chai yangu katika kikombe changu. Nilijiambia kwamba mzee atakufa kabla ya arobaini kuisha, na jambo litajimaliza lenyewe, bila mtu kuumia. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, neno kwa neno: bila mtu kuumia.

Siku ya ishirini na sita mvua ya kwanza ilinyesha. Fundi alitoka akasimama chini ya bati, akatazama mbingu, akanitazama mimi, akarudi kula.

Siku ya thelathini na moja kamio lilisimama mbele ya nyumba yetu, na wapakiaji wanne wakamteremsha baba mkubwa juu ya kiti, kama kabati. Alikuwa amenona kwa maji. Ngozi ya miguu ilimetameta. Uso peke yake ndio ulibaki wa zamani, na ulikuwa unacheka.

“Ndugu yangu,” alisema, “nimengojea motokari mpaka nimevimba. Nikasema basi, niipokee huku huku.”

Baba alisimama na kitambaa mkononi. Sijapata kumwona mtu aliyenyang'anywa kitu waziwazi namna ile.

“Yaya,” alisema, maana kwetu ndivyo anavyoitwa kaka mkubwa, “ungengoja siku tisa tu.”

“Siku tisa siko nazo. Iko wapi huyo muzazi?”

Akataka aingizwe ndani ya motokari. Wanne wale walimwingiza, kiti cha mbele, nacho kikalia kwa uzito. Alinusa. “Kuku,” alisema, na Baba akatazama chini. Kisha akafungua kisanduku, akakuta kitabu, akavaa miwani yake iliyobaki kioo kimoja, akaanza kusoma. Nilikuwa nimeshika chai yake. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mapadri hawakumlea bure. Ilibaki kidogo tu awe katekista.

Alisoma mpaka chai ikapoa. Baba alipokwenda kuswali, aliniita kwa kidole.

“Arobaini iko ukurasa gani?”

“Baba mkubwa, panya…”

“Panya walikula arobaini yote, wakakuachia mambo ya taa?”

Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akatema. Aliponipa kikombe alikuwa na machozi.

“Mutoto, weye uko na roho mubaya kama yangu. Kumbe kwa hii nyumba kuna muntu wa kuzungumuza naye.”

Siku tano nilikuwa mtumwa wake. Nilimwosha, nilimgeuza, nilimfukuzia nzi, nilimkuna mgongo mahali alipopataja na mahali alipobadilisha nia. Nilimwaga vyombo vyake. Ofisini walidhani naumwa. Nikichelewa kidogo alipaza sauti kwa furaha: “Ndugu yangu! Leta kile kitabu, nataka kukusomea kitu!” Na Baba, ambaye hakujua, alitabasamu kwa tumaini, akidhani kaka yake ameanza kuipenda motokari.

Siku ya sita, tukiwa tunakula, mimi, Baba, Mama, fundi na yeye, alisukuma sahani yake.

“Siri ya mutoto wako imenichosha,” alimwambia Baba. “Haiko na utamu tena. Hakuna arobaini kwenye kitabu. Nimesoma yote. Alikudanganya, Mwali wako, sababu ya woga wa safari.”

Mama aliweka mwiko chini. Baba hakunitazama. Alinawa, ingawa alikuwa hajamaliza, akamwuliza fundi:

“Ilikuwa tayari tangu lini?”

“Mbele ya arobaini kuanza, mzee,” fundi alisema, wali mdomoni. “Njo kitabu kilikataa.”

“Kabla ya mvua.”

“Mbele ya mvua, ndiyo.”

Nilingoja kipigo. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilikingoja kweli, ningekipokea kwa shukrani. Baba alimgeukia kaka yake.

“Yaya, utaweza kukaa kwenye kiti siku mbili, tatu?”

“Mie nitakaa. Motokari yenyewe njo sijui.”

“Nitakufikisha kwako. Ukiwa unaona.”

“Basi tutaangalia nani anafika,” alisema baba mkubwa, na nyuso zao, ambazo sikuwahi kuziona zikifanana, zilifanana.

“Hospitali iko hapa,” Mama alisema. “Munamutoa kwa hospitali munamupeleka mu matope?”

Asubuhi nilikuwa wa kwanza kuamka. Nilifunga begi, nikavaa viatu, kimoja kikiwa na tundu lake, nikaweka begi kwenye kiti cha nyuma. Nilikuwa nimeamua: nitakwenda, nitapike njia nzima, nife na sabuni yao. Baba alilitoa begi. Hakulitupa. Aliliweka barazani kati ya cherehani na samaki, ambao nao waliachwa kwa kuwa mgonjwa alijaza nafasi.

“Wewe ulitaka nyumba,” aliniambia. “Kaa nayo.”

Fundi akapanda mahali pangu. Na sasa niseme ubaya wangu wote, maana nikiuficha hapa sina sababu ya kuandika yaliyobaki: nilisikia raha. Aibu ilikuwepo, ilinichoma masikio, lakini chini yake, tumboni, palikuwa na raha ya mtu aliyerudishiwa kitanda chake.

Niliwafuata kwa miguu mpaka mtoni. Motokari ilipanda kivuko kati ya baiskeli na mbuzi, na walipofika katikati ya maji, mkono wa baba mkubwa ulitoka dirishani ukapunga, polepole, kama kiongozi anayepita mbele ya watu waliopangwa tangu alfajiri kumshangilia. Nami nikapunga.

Mvua ilinyesha kila siku. Baada ya wiki mbili hivi shofere wa kamio alisimama kwetu, akaomba maji, akanywa yote, ndipo akasema.

“Niliwakuta upande wa Obokote, mama. Motokari imezama mu matope mpaka kwenye mulango. Freni hamuna, kitu hamuna. Nikasema, wazee, pandeni huku, kesho muko Lubutu. Mzee wenu akasema hapana. Nikasema, basi mugonjwa apande. Mugonjwa mwenyewe akasema hatoki, mpaka aone kama itafika. Wako wawili mule ndani, vioo vimefungwa, wananuniana.”

“Ukawaacha?” Mama aliuliza.

“Ningefanya nini, niwabebe? Nilikwenda kushusha muzigo Lubutu, nikarudi siku ya tatu. Wako palepale. Fundi anatetemeka na homa. Mzee wenu akaniomba kamba niivute, nigeuze kamio, nirudi nao Lubutu. Nikasikia huruma. Nikavuta.”

“Na mugonjwa?”

Shofere alizungusha kikombe kitupu mkononi.

“Tulipofika kwa daraja nilishuka kuangalia kamba. Nikapita upande wake. Nikaona. Nikarudi kwa mzee wenu nikamwambia polepole, mzee, huyu amekwisha. Akanitazama. Akasema, vuta.”

“Akasema nini?”

“Vuta.”

Mama alikaa chini barazani. Shofere aliendelea kwa haraka, kama mtu anayeshusha mzigo wa mwisho: watu wa Lubutu walitoka kandokando ya barabara kuitazama motokari, watoto waliikimbilia, wengine walipiga makofi kwa kuwa hawakujua, na kwenye kilima cha mwisho kamba ikakatika, wakaisukuma kwa mikono mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama na kikombe changu. Sikukiweka chini, sikujua mahali pa kukiweka.

Baba alirudi mwezi uliofuata, juu ya magunia ya mchele, bila motokari. Alikuwa amekonda. Nilipokea kifurushi chake, akaniachia, akauliza kama maji ya kuoga yapo. Nikasema yapo. Alioga, akaswali, akaketi kula, na Mama akaketi mbele yake. Mimi nilibaki mlangoni.

“Tulifika,” alisema. “Iko mlangoni pake.”

“Alikuwa hai?”

“Alikuwa ameketi.”

“Nakuuliza kitu kimoja tu,” Mama alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. “Aliiona nyumba yake?”

Baba alivunja kipande cha samaki, akatoa miiba mmoja mmoja, akaipanga ukingoni mwa sahani.

“Nilimuweka upande wa dirisha,” alisema.